Unajinyima na uzito haushuki? Tezi ya thairoidi ipimwe

Mtu akija kliniki ya homoni kulalamikia uzito, maswali yetu ya mwanzo mara nyingi humshangaza kwa sababu hayahusu chakula. Unapata choo mara ngapi kwa wiki? Unasikia baridi wakati wenzako wanatoka jasho? Hedhi imekuwa nzito kuliko zamani? Sauti imeanza kukwaruza? Majibu ya ndiyo yakifuatana, tunaomba damu ipimwe kabla hatujazungumzia mlo.

Tezi ya thairoidi iko mbele ya shingo, chini kidogo ya kongomeo. Homoni zake, T4 na T3, ndizo zinazoamua mwili utumie nishati kwa kasi gani. Zikipungua, karibu kila kitu hupunguza mwendo: moyo hupiga taratibu, choo huwa kigumu, ngozi hukauka, nywele hukatika, uso huvimba hasa asubuhi. Mwili pia hushika chumvi na maji, na hapo ndipo mizani inapoanza kupanda.

Lakini lazima tuseme ukweli. Uzito unaoletwa na tezi yenyewe kwa kawaida ni kilo 2 hadi 5, na sehemu kubwa si mafuta. Aliyeongezeka kilo 20 hawezi kuilaumu tezi peke yake, ingawa uchovu wake unaweza kuwa umemfanya ashindwe hata kutembea.

Ugonjwa huu wa upungufu wa homoni za tezi hujificha kwa sababu huja polepole, na kila dalili hupata kisingizio chake. Uchovu husemwa ni wa kazi, unene ni wa umri, huzuni ni ya maisha. Mama aliyejifungua ndani ya mwaka mmoja huambiwa ni ulezi tu, na kumbe huo ni wakati ambao tezi inaweza kuyumba. Wanawake huugua zaidi kuliko wanaume. Mara nyingi chanzo ni kinga ya mwili kuishambulia tezi, ugonjwa ulioelezwa mwaka 1912 na daktari Mjapani Hakaru Hashimoto. Vyanzo vingine ni uhaba wa madini joto, upasuaji wa tezi, na dawa kama lithiamu (ya magonjwa ya akili) na amiodaroni (ya mdundo wa moyo).

Kipimo cha kwanza ni TSH, homoni inayotoka kwenye tezi ya pituitari, chini ya ubongo, kuiamrisha thairoidi ifanye kazi. Maabara nyingi huhesabu takriban 0.4 hadi 4.0 kuwa kawaida. TSH ikiwa juu na T4 ikiwa chini, tezi imeshindwa. TSH ikipanda kidogo tu huku T4 ikiwa sawa, kwa kawaida tunarudia kipimo baada ya miezi 2 au 3 kabla ya kuamua lolote. Kama unameza vidonge vya biotini kwa ajili ya nywele, mwambie daktari, kwa sababu vinaweza kupotosha majibu.

Tiba ni levothairoksini, yaani homoni ya T4 iliyotengenezwa kiwandani, kidonge kimoja kwa siku, kwa maji matupu, dakika 30 hadi 60 kabla ya kifungua kinywa. Vidonge vya madini ya chuma na kalsiamu vikae mbali nacho kwa saa 4. TSH hupimwa tena baada ya wiki 6 hadi 8, kwa hiyo usikate tamaa wiki ya pili. Nguvu hurudi, maji hutoka, na mazoezi huanza kuzaa matunda.

Tunawasihi wenye tezi isiyo na tatizo wasimeze dawa hii ili wapungue. Homoni ikizidi, moyo hupoteza mdundo wake na mifupa hudhoofika. Majibu yako yakitoka mazuri, usiondoke mikono mitupu: muulize daktari kuhusu sababu nyingine za uzito, yaani dawa nyingine unazotumia, hasa za steroidi, vifuko vidogo kwenye ovari, na mwambie kama unakoroma na kuamka umechoka.