Serikali gani, mwanangu?

Kijana mmoja wa mtaani kwetu aliniletea barua niipitie kabla hajaipeleka. Mstari wa kwanza ulisema: "Sisi wakazi tunailalamikia serikali kwa kutozoa taka." Nikamuuliza, "Serikali gani, mwanangu?" Akanyamaza.

Mimi ni mfasiri wa nyaraka za sheria hapa Mombasa, na neno hili hunipitia mkononi kila siku. Asili yake ni Kiajemi: *sar* ni kichwa, *kar* ni kazi. Wahindi nao huita serikali yao *sarkar*. Wanaodai limetokana na "siri kali" wanapotosha, na jambo hilo huniuma, maana neno la kusimamia kazi linageuzwa kuwa neno la kufichana.

Dola ni neno jingine, la Kiarabu. Dola ni nchi pamoja na mipaka na mamlaka yake. Serikali ni chombo kinachoiendesha. Uchaguzi ukipita serikali hubadilika, dola ni ile ile. Ndiyo maana polisi na jeshi tunawaita vyombo vya dola.

Sisi watu wa Mombasa hatuna udhuru wa kuyachanganya maneno haya mawili. Kuanzia 1895 hadi uhuru wa 1963, ukanda wa pwani wa maili 10 ulikuwa milki ya Sultani wa Zanzibar, lakini Waingereza ndio walioutawala. Hata bara ilipofanywa koloni mwaka 1920, huku kwetu palibaki himaya, yaani nchi ya mwingine iliyo chini ya ulinzi wa Waingereza. Bendera nyekundu ya Sultani ikipepea juu ya Fort Jesus, na amri zikitoka kwa ofisa wa Kiingereza. Mwenye dola mmoja, mwenye serikali mwingine, na mwananchi katikati akitozwa kodi.

Leo dola ni moja, serikali ni nyingi. Katiba ya 2010 ilituletea serikali ya kitaifa na serikali za kaunti 47. (Wingi ni "serikali zimesema". Hilo "maserikali" tuliache.) Polisi wako chini ya serikali ya kitaifa, taka, zahanati na chekechea ni za kaunti. Ukiandika "serikali" peke yake, kila ofisi itakuelekeza kwa mwenzake.

Yule kijana akachukua kalamu, akaongeza maneno mawili: "ya kaunti". Kisha akabadilisha na anwani juu ya bahasha.