Enteli: kifungo cha mirathi nyuma ya Pride & Prejudice

Ukiitazama filamu ya Pride & Prejudice ya 2005, ile ya Joe Wright ambamo Keira Knightley ni Elizabeth, mmoja wa mabinti wa Bennet, ni rahisi kumchukulia mama Bennet kama mama mwenye kiherehere tu. Kijana tajiri hajamaliza kupanga nyumba ya jirani, yeye tayari ameshamwozesha binti kichwani. Brenda Blethyn anachekesha kweli katika nafasi hiyo. Lakini hofu ya mama huyu ina msingi wa kisheria, na bila kuuelewa nusu ya hadithi inakupita.

Enteli ni utaratibu wa zamani wa Uingereza wa kuifunga ardhi ndani ya ukoo. Mwenye shamba huandika hati inayoamua mapema ardhi itakwenda kwa nani baada yake, na kwa nani tena baada ya huyo, mara nyingi wanaume watupu. Anayeishikilia leo hukaa katika nyumba na kula kodi za wapangaji, ila hawezi kuiuza wala kumwachia amtakaye kwa wosia. Msomaji wa pwani atakumbuka wakfu wa familia. Hajakosea sana, isipokuwa hapa kinacholindwa ni jina la ukoo na shamba lisimegwe, wala hakuna anayetafuta thawabu. Mizizi yake inarudi hadi sheria ya 1285.

Sasa mtazame Bwana Bennet. Katika riwaya ya Jane Austen iliyotoka 1813, shamba lake la Longbourn linaingiza pauni 2,000 kwa mwaka, pato la kutosha kuishi vizuri. Ana mabinti watano na hana mtoto wa kiume, kwa hiyo akifa kila kitu kinakwenda kwa binamu, Bwana Collins. Riwaya inaeleza pia kwa nini hakuweka akiba: alitegemea kupata mwana ambaye, akishafikisha umri wa utu uzima, angeungana naye kukivunja kifungo hicho, maana sheria iliruhusu. Mwana hakuja, na fedha zilikuwa zimeshatumika. Binti mmoja anaweza kutarajia pauni 1,000 tu, tena baada ya mama yao kufa. Kwa faida ya asilimia 4, hizo ni pauni 40 kwa mwaka. Darcy, yule tajiri anayempenda Elizabeth, anapata 10,000.

Ndiyo maana posa ya Collins kwa Elizabeth, pamoja na vichekesho vyake vyote, ni jambo zito. Akikubali, mama na dada zake wana paa. Akikataa, siku baba akifumba macho watategemea huruma ya mrithi. Elizabeth anakataa, na rafiki yake Charlotte, mwenye miaka 27, anamchukua mwanamume huyohuyo. Katika filamu Charlotte anasema wazi kwamba hana pesa, ni mzigo kwa wazazi wake, na anaogopa. Kwangu hiyo ndiyo sehemu ya kweli kuliko zote katika filamu nzima, kuliko hata mapenzi yenyewe.

Wengi hudhani sheria ya Uingereza iliwanyima wanawake ardhi moja kwa moja. Sivyo. Kama Longbourn isingefungwa, na baba akafa bila wosia, mabinti wangeirithi kwa mafungu sawa. Lady Catherine, shangazi yake Darcy, anajigamba katika riwaya kwamba ukoo wa mumewe haukuona haja ya kuwaruka wanawake. Binti yake Anne ndiye mrithi. Wala si kila familia inayofukuzwa nyumbani katika vitabu vya Austen imefungwa kwa enteli: katika Sense and Sensibility akina Dashwood wanaponzwa na wosia wa babu mkubwa. Filamu ya Ang Lee ya 1995 inakata njia ya mkato, baba akiwa kitandani anakata roho anamwambia mwanawe kwamba shamba lote ni lake kisheria.

Ukiwa na hesabu hizi kichwani, rudi kwenye ile mvua, pale Elizabeth anapomkataa Darcy. Huyo ni mposaji wa pili, na safari hii anazikataa pauni 10,000 kwa mwaka.

Uingereza na Wales zilizuia enteli mpya kuanzia 1997. Zilizokuwapo ziliachwa ziendelee.