Vitabu vya watoto vya Wamarekani Weusi: yasemwayo na yalivyo

Kila Februari, Mwezi wa Historia ya Watu Weusi unapoingia Marekani, meza za mbele za maduka ya vitabu hujaa majalada yenye sura za watoto weusi. Waswahili wanaoishi huko huvinunua, na wengine huwatumia wapwa na wajukuu Dar es Salaam au Mombasa. Pamoja na vitabu husafiri maneno, na mengine hayana kichwa wala miguu.

"Ni mtindo wa juzi tu, baada ya George Floyd."

Mwaka 2020, polisi walipomuua Mmarekani Mweusi huyo, ulivisukuma, hilo halina ubishi. Lakini miaka mia moja kabla yake, Januari 1920, mwanaharakati W.E.B. Du Bois na wenzake Augustus Dill na Jessie Fauset walitoa New York toleo la kwanza la The Brownies' Book, jarida la kila mwezi la watoto weusi, senti 15 nakala. Mlikuwa na ngano, mashairi, michezo, habari za dunia, picha za wahitimu wa shule na barua za watoto wenyewe. Mshairi Langston Hughes alichapisha humo mashairi yake ya mwanzo kabla hajafikisha miaka 20. Jarida lilikufa Desemba 1921 na toleo la 24, wanunuzi hawakutosha. Sifa karibu zote humwendea Du Bois, ilhali kazi kubwa ya uhariri ilikuwa ya Fauset.

Mwishoni mwa miaka ya 1930 Augusta Baker, mkutubi wa watoto katika maktaba ya Mtaa wa 135, Harlem, kitongoji cha weusi New York, alikuta rafu zake zina vitabu vinavyomchora mtu mweusi kama kikaragosi. Akaanza kukusanya vyenye heshima, akavitungia orodha, na akawabana wachapishaji watoe vingine.

"Tangu hapo vimekuwa vikiongezeka mwaka hadi mwaka."

Laiti ingekuwa hivyo. Mwaka 1965 Nancy Larrick alichapisha hesabu ya vitabu vya watoto 5,206 vilivyotolewa Marekani katika miaka mitatu. Vilivyokuwa na mtu mweusi hata mmoja, kwenye maneno au kwenye picha, ni 349. Makala yake iliwashtua wengi, na katika miaka iliyofuata tukawapata waandishi weusi kina John Steptoe, Lucille Clifton na Virginia Hamilton. Kisha wachapishaji wakapoa. Kituo cha vitabu vya watoto cha Chuo Kikuu cha Wisconsin–Madison kilipohesabu vya mwaka 1985, kati ya takriban 2,500, vilivyoandikwa au kuchorwa na watu weusi vilikuwa 18. Kumi na nane, nchi nzima! Wade na Cheryl Hudson wa New Jersey, waliokwisha kukataliwa na wachapishaji, wakaanzisha kampuni yao, Just Us Books, mwaka 1988.

"Mtoto mweusi akiwa jaladani, mwandishi naye ni mweusi."

The Snowy Day cha 1962, kilichopata mwaka uliofuata Medali ya Caldecott, tuzo ya Marekani ya michoro ya vitabu vya watoto, ni cha Ezra Jack Keats, mzungu wa Brooklyn, mtoto wa Wayahudi waliohamia kutoka Poland. Kitabu kizuri: mtoto mweusi, Peter, anacheza kwenye theluji, basi, hakuna anayemhubiria. Ila kuandikwa na kujiandika ni mambo mawili, ndiyo maana wale wa Wisconsin huyahesabu kando. Mzazi mwenye haraka atazame jaladani kama kuna nembo ya tuzo ya Coretta Scott King, iliyoanza kutolewa 1970: hiyo hupewa waandishi na wachoraji Wamarekani Weusi.

"Vyote ni utumwa na machozi."

Hii ndiyo inayoniudhi kuliko zote, kwa sababu hufanya wazazi waviache dukani vile vilivyo bora. Kitabu cha kwanza cha Steptoe, Stevie, cha 1969, kinahusu mvulana, Robert, anayemwonea wivu mtoto mdogo aliyeletwa kwao alelewe kwa muda na mama yake Robert. Steptoe alikuwa bado hajafika miaka 20, na Robert wake anazungumza kama watoto wa mtaani kwao. Everett Anderson wa Lucille Clifton ni mtoto wa ghorofani mwenye mama anayekwenda kazini. Hair Love cha 2019 ni baba anayehangaika kumsuka binti yake; kina baba wetu wengi wangekimbia.

Hata vile vinavyogusa machungu havikai kwenye machungu tu. Roll of Thunder, Hear My Cry cha Mildred Taylor, kilichotoka 1976, kimewekwa Mississippi ya miaka ya 1930, na ubaguzi umo tena wa kutisha. Lakini roho ya hadithi ni shamba: familia ya Logan inapambana isinyang'anywe ardhi yake. Taylor aliijenga juu ya masimulizi ya baba yake. Msomaji yeyote ambaye ukoo wake umewahi kugombania kiwanja ataielewa bila kufafanuliwa.

"Ni vya watoto weusi tu." Mtoto mweupe wa Iowa akimsoma Everett Anderson anapungukiwa na nini?

"Wanapenda Kiswahili kwa sababu mababu zao walitoka kwetu."

Walio wengi kabisa waliopelekwa utumwani Amerika Kaskazini walichukuliwa upande wa magharibi, tangu Senegambia hadi Angola. Kiswahili kilichaguliwa kwa hiari katika miaka ya 1960, kama lugha ya Afrika isiyo mali ya kabila moja, wakati Tanzania ya Nyerere iking'aa machoni mwa wapigania haki. Mwanaharakati Maulana Karenga alipoanzisha Kwanzaa, sikukuu ya Wamarekani Weusi ya mwisho wa mwaka, mwaka 1966, nguzo zake saba alizipa majina ya Kiswahili, ujamaa ikiwemo. Mwandishi Muriel Feelings aliyafahamu mazingira yetu kwa karibu zaidi, maana aliwahi kufundisha Uganda. Mwaka 1971 yeye na mumewe, mchoraji Tom Feelings, walitoa Moja Means One, kitabu cha kuhesabu kwa Kiswahili kinachoanza na Kilimanjaro. Kwa kitabu hicho Tom akawa msanii Mmarekani Mweusi wa kwanza kupata Heshima ya Caldecott, inayofuata baada ya Medali, mwaka 1972. Mwaka 1975 akaipata tena, safari hiyo kwa kitabu cha alfabeti ya Kiswahili.