Kodi ya utamaduni: mzigo uliojificha katika ulezi wa watafiti wachanga

Kodi ya utamaduni ni kazi ya ziada anayotwishwa mwanataaluma wa jamii yenye watu wachache chuoni kwa sababu tu ya asili yake, kazi ambayo haihesabiwi siku ya kupandishwa cheo. Jina hilo lilitolewa mwaka 1994 na Amado Padilla, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani, katika makala kuhusu wanazuoni wa jamii hizo, utafiti wao na ulezi wao. Linatusaidia kuelewa kwa nini mtafiti mchanga mweusi au Mlatino, yaani mwenye asili ya Amerika ya Kilatini, anaweza kukosa mlezi katika idara iliyojaa maprofesa.

Mlezi wa kitaaluma si lazima awe msimamizi wa tasnifu. Msimamizi husoma sura, husahihisha na hutia saini. Mlezi hufanya yale yasiyoandikwa popote: humshauri kijana jarida la kuanza nalo, humwonyesha ombi lake mwenyewe la ruzuku lililokataliwa, pamoja na maoni makali ya wapimaji, na humtaja kwa wema katika vikao ambavyo kijana hayumo. Hili la mwisho, kwa maoni yangu, ndilo zito kuliko yote, maana halifundishiki darasani wala haliombeki kwa barua.

Sasa tuchukue idara yenye profesa mmoja tu mweusi. Wanafunzi weusi hubisha mlango wake, hata wale ambao fani yao iko mbali na yake, na wenzake huwaelekeza huko kwa kauli ya upole kwamba “yule atakuelewa zaidi”. Kauli hiyo inasikika kama heshima, lakini aghalabu ni njia ya kujivua wajibu. Profesa msaidizi aliyeajiriwa juzi, ambaye naye anahitaji kulelewa, huanza kulea kabla hajasimama vizuri: anaombwa aingie kamati ya ajira ili isionekane ya rangi moja, anaombwa apigwe picha ya kijarida cha chuo, na jioni anamkuta mwanafunzi mlangoni akilia. Mawili ya kwanza ni magumu kuyakataa. La tatu hataki kulikataa. Uamuzi wa kumpa ajira ya kudumu, ambao kwa kawaida hufikiwa karibu na mwaka wa sita, utatazama zaidi makala na ruzuku kuliko saa hizo.

Na ruzuku zenyewe si rahisi. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2011 katika jarida la Science ulionyesha kwamba waombaji weusi wa ruzuku za Taasisi za Taifa za Afya za Marekani walikuwa nyuma ya weupe kwa pointi 10 za asilimia katika uwezekano wa kufadhiliwa, hata baada ya kuzingatia elimu, machapisho na mwajiri. Mwaka 2014 taasisi hizo zilifadhili mtandao wa kitaifa wa ulezi uliomuunganisha mtafiti na mlezi wa chuo kingine, ili mlango ule mmoja usibaki kuwa tegemeo la wote.

Kuna pia mafunzo ya walezi, yakiwemo yaliyoandaliwa katika Chuo Kikuu cha Wisconsin–Madison, ambayo hayadai mlezi na mlelewa wawe wa asili moja. Miongoni mwa mazoezi yake, wawili hao huketi na kuandika kila mmoja anatarajia nini kwa mwenzake, mathalani rasimu irudishwe baada ya siku ngapi.