Kusomeka kwa kupitisha macho: maana yake

Muuza samaki wa ufukweni Bagamoyo, mteja akisimama mbele ya fungu lake, haanzi kusimulia habari za bahari. Anamfunua changu shavu. Mteja anauona wekundu, anajua huyu ni wa leo, na hapo ndipo bei inapoanza kuzungumzwa.

Maandishi ya mtandaoni nayo yanahitaji kufunuliwa shavu. Kusomeka kwa kupitisha macho ni kule kuyapanga ili mtu mwenye haraka akione alichokifuata bila kusoma kila neno. Na wenye haraka ndio wengi: mwaka 1997 Jakob Nielsen, mtafiti wa matumizi ya tovuti, aliripoti kwamba asilimia 79 ya watu aliowachunguza walipitisha macho tu kwenye kila ukurasa mpya. Waliosoma neno kwa neno walikuwa asilimia 16.

Sasa tazama tunavyoitangaza mtandaoni Kaole, kwenye magofu ya kale karibu na Bagamoyo: "Karibuni sana wageni wetu wapendwa katika mji wetu wenye historia ndefu na ya kuvutia..." Aya nzima inakwisha, mgeni hajajua Kaole ni kitu gani. Mkikutana uso kwa uso, salamu ndefu ni adabu, na tusiiache. Kwenye simu, adabu ni kutompotezea mtu muda. Andika hivi: "Magofu ya Kaole yako kilomita 5 hivi kusini mwa mji wa Bagamoyo. Utakuta mabaki ya misikiti miwili, mmoja wa karne ya 13, na makaburi yenye nguzo." Kwa sentensi mbili tu mtu ameshaamua kama anakuja. Historia ndefu iweke chini, atakayeitaka ataifuata.

Vichwa vidogo viseme kilichomo. "Jinsi ya kufika" kinamfaa msomaji kuliko "Safari ya kusisimua".

Picha ndiyo tunayoionea zaidi. Chini yake tunaandika "Magofu", basi, kana kwamba macho hayajaona. Mwambie asichoweza kukijua kwa kutazama: vile vishimo kwenye nguzo ya kaburi vilipachikwa bakuli za Kichina. Ataivuta picha karibu avitafute. Lakini kabla ya kuipandisha, ipunguze uzito. Picha iliyotoka moja kwa moja kwenye simu mara nyingi huwa na MB kadhaa, na anayeifungua anatumia bando alilolinunua kwa pesa yake.