Jina la asteroidi haliuzwi
Kwenye vijiwe vya kahawa Mikindani bado nasikia kwamba anayegundua asteroidi, yaani mwamba mdogo unaozunguka Jua, huipa jina lake, au tajiri hulinunua. Si kweli, na vyeti vya kulipia mtandaoni havitambuliwi. Vijana wetu wasipoteze hela.

Asteroidi mpya kati ya Mirihi na Mshtarii huanza na alama ya muda tu, yenye mwaka ilipoonekana. Njia yake ya kulizunguka Jua ikithibitishwa, kazi ambayo huweza kuchukua miaka, hupata namba ya kudumu. Ndipo mgunduzi hupendekeza jina, lisilozidi herufi 16 wala kuwa lake mwenyewe. Umoja wa Kimataifa wa Astronomia huamua.

Giuseppe Piazzi, aliyeiona Ceres, asteroidi ya kwanza kugunduliwa, kule Palermo mwaka 1801, aliongeza jina la mfalme wake, Ferdinand. Wanaastronomia wa nchi nyingine walilikataa.