Kutoka Kibuyu hadi Chupa: Tembo la Mnazi na Marufuku ya Pombe Pwani

Wageni wa makumbusho hapa Mombasa hupenda kuniuliza watu wa Pwani walianza lini kunywa bia. Mimi jibu langu huanzia juu ya mnazi.

Mgema hupanda alfajiri, kotama kiunoni, nyayo zikishika vidato vilivyochongwa kwenye shina. Kileleni hulishughulikia karara, lile ganda la ua lisilochanua bado. Hulifunga kwa kamba lisipasuke, kisha hukata ncha yake kidogo tu, na utomvu ukaanza kudondoka ndani ya kibuyu. Jioni hurudi akakata tena. Ukionja utomvu huo ukiwa mbichi ni mtamu kama maji ya sukari, ila hauko hivyo kwa muda mrefu: hamira za porini, zilizomo hewani na ndani ya kibuyu chenyewe, huanza kuula utamu ule hata mgema hajashuka. Asubuhi ni tembo tamu, jioni lina ukali, na likikaa siku chache huwa siki. Hapana moto, hapana sufuria, hapana kinachotiwa. Mgema akisifiwa ndipo hulitia maji, na hilo wazee walishatuonya.

Kwa Wamijikenda tembo ni zaidi ya kinywaji. Humwagwa chini kwenye tambiko, huletwa kwenye posa, na mtu anayepeleka shauri kwa wazee hutoa kadzama, yaani tembo la heshima, ndipo asikilizwe. Mji wa Kale ulikuwa na msimamo mwingine, kwa kuwa pombe ni haramu kwa Muislamu. Hata hivyo mnazi haukukatwa. Siki yake iliingia kwenye achari, na kabla ya hamira ya dukani kuenea, tembo ndilo lililoumua unga wa mikate. Ni jambo la kustaajabisha jinsi mti mmoja ulivyohudumia nyumba mbili zenye imani tofauti, kila moja ikachukua kilicho chake. Historia hii inastahili kufundishwa shuleni, nami nitalisema hilo popote nitakaposikilizwa.

Marufuku ya kwanza kubwa ilitoka mbali. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia vileo vikali vya Ulaya kuingizwa katika sehemu kubwa ya Afrika, kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini mwa ikweta, lakini ukaacha mlango wazi kwa wasio wenyeji. Huo ndio mzizi wa mambo. Tangu hapo swali la sheria likawa ni nani anayekunywa, badala ya kinywaji kina nini ndani yake. Serikali ya kikoloni ya Kenya ilimkataza Mwafrika vinywaji vya Kizungu, bia ya chupa ikiwamo, na papo hapo ikaliandama tembo. Maofisa walilalamika kwamba mnazi unaogemwa hauzai nazi za mbata wa kuuza nje, na kwamba vijana wenye pato la tembo hawana haja ya kibarua cha Mzungu. Lalamiko la pili linaeleza mengi. Mtu wa Rabai mwenye minazi yake alikuwa na fedha mkononi bila kumpigia mtu magoti.

Wakati huo bia ya kiwandani ilikuwa inazaliwa bara. Mwaka 1922 ndugu wawili, George na Charles Hurst, walishiriki kuanzisha Kenya Breweries huko Ruaraka, Nairobi. Mwaka uliofuata George aliuawa na ndovu mawindoni, na bia ikapewa jina la Tusker, yaani ndovu dume mwenye pembe kubwa. Msemaji wa Kiswahili atagundua jambo hapo: ndovu ni tembo, na kileo cha mnazi ni tembo. Tofauti imo kwenye sarufi tu, tembo huyu na tembo hili. Kwa zaidi ya miaka 20, Mwafrika angeweza kupakia makasha ya bia hiyo kwenye lori, lakini kuinywa ilikuwa kosa. Marufuku ya bia iliondolewa baada ya Vita vya Pili vya Dunia, ile ya vileo vikali ikachelewa zaidi.

Uhuru haukumaliza habari. Mwaka 1980 Bunge lilitunga sheria ya kupiga marufuku chang'aa, kileo kikali cha kienyeji, ambayo huku kwetu ndugu yake ni piwa, tembo lililochemshwa na mvuke wake kukingwa. Piwa haikutoweka, iliingia vichochoroni, ambako hakuna anayekagua pipa. Ndipo mwaka 2010 ikaja sheria mpya ya kudhibiti vileo, wengi wakaiita sheria ya Mututho kwa jina la mbunge aliyeipigania. Ilifuta ile ya 1980 na kuruhusu chang'aa, kwa sharti iuzwe kwenye chupa za kioo. Leo leseni za vileo ziko mikononi mwa kaunti.

Ninavyoona, kosa lililobaki ni kuvitia vyote kapu moja. Tembo la asubuhi lina kileo cha kiasi cha bia, piwa ni kali mara nyingi zaidi, na kile kinachoua ghafla ni kitu cha tatu kabisa: methanoli, kemikali ya viwandani inayoongezwa na wauzaji wenye tamaa. Mei 2014 makumi ya Wakenya walikufa katika kaunti kadhaa za bara kwa kunywa vileo vilivyotiwa sumu hiyo.

Methanoli haitambuliki kwa kuonja wala kunusa. Mnywaji huweza kulala vizuri akaamka na balaa, kwa sababu huchukua saa 12 hadi 24 ini kuigeuza kuwa asidi inayoshambulia neva za macho. Dalili ni kichwa kuuma sana, kutapika, tumbo kukaza, pumzi za haraka, na macho kuona ukungu au weupe mtupu. Usimpe maziwa, usimwambie alale ulevi utoke. Mkimbize hospitali usiku huohuo, maana dawa ipo na hufaa ikiwahi. Beba na chupa aliyonywea, hata kama imebaki tone, na mtajie daktari wote waliokunywa naye, hata wale wanaosema wako sawa.